Shajara ya mradi: maumivu pale dharura

Februari, katikati

Naanza kuweka hapa maendeleo ya huu mradi maana kwenye simu vitu vinapotea, na wenzangu wa hospitali nyingine wameomba wawe wanaona tulipofika ili nao wasianze na sifuri. Kwa kifupi sisi ni hospitali ya rufaa ya mkoa, Kanda ya Ziwa, na EMD yetu, yaani idara ya dharura, inapokea kila kitu, bodaboda, watoto walioungua, sikoseli, matumbo, wajawazito wanaopitia kwetu kwanza, wazee walioanguka chooni. Mimi na mwenzangu wa idara ya dawa za usingizi tumepewa kazi ya kuwafundisha manesi wa idara namna ya kumhudumia mgonjwa mwenye maumivu. Nasema manesi makusudi. Intani anakaa kidogo anahamia wodi nyingine, mtaalamu anaitwa anakuja anaondoka, nesi ndo yupo pembeni ya kitanda muda wote na ndo anayeitwa "sista nakufa" saa nane usiku.

Kabla ya kufundisha chochote tumevuta mafaili ya mwezi uliopita tukayapitia. Tulikuwa tunatafuta vitu vinne tu, maumivu yameandikwa au hayajaandikwa, yameandikwa kwa namba au kwa maneno, dawa ya kwanza imetoka saa ngapi ukilinganisha na saa aliyofika, na baada ya dawa kuna mtu alirudi kumuuliza mgonjwa anajisikiaje. Presha ipo, mapigo yapo, joto lipo, oksijeni ipo. Maumivu utakuta "ana maumivu makali" basi, hata makali kiasi gani hujui. Dawa ikishatolewa ndo mwisho wa habari, safu ya nne ilikuwa nyeupe karibu yote. Kijana kavunjika paja, kapigwa sindano ya diklo (diklofenaki, ya maumivu) saa nne asubuhi, na kitu kinachofuata kwenye faili ni eksirei saa nane mchana. Katikati hapo sijui alikuwa anaishije.

Ila niseme na hili kabla watu hawajaanza kuwasema manesi: chati yenyewe haina sehemu ya kuandika maumivu. Haipo. Nesi anajaza visanduku alivyopewa.

Februari, mwishoni

Tuliambiwa tuanze na mtihani wa kupima uelewa, mimi nikaomba tuongee nao kwanza, mmoja mmoja, wakiwa wanakunywa chai, maana mtihani mtu anajibu unachotaka kusikia. Na kweli kwenye chai ndo yametoka. Dozi wanazijua. Ukimuuliza parasetamoli mtoto anapewa kiasi gani anakujibu milligramu 15 kwa kilo bila kufikiri, mtu mzima gramu 1 kila masaa sita isizidi gramu 4 kwa siku, ibuprofeni ya mtoto milligramu 10 kwa kilo na sio chini ya miezi mitatu. Kwahiyo mimi niliyekuja na slaidi za dozi nilizifunga palepale.

Walichoniambia ni kingine kabisa. Mmoja, mwenye miaka mingi kazini, kasema alishawahi kugombezwa mbele ya wagonjwa kwa kumpa dawa mtu wa tumbo kabla daktari wa upasuaji hajalibonyeza, na toka siku hiyo mtu wa tumbo hamgusi. Mwingine kasema sikoseli ukiwapa sana wanazoea. Mwingine mofini ni ya wagonjwa wa kansa wanaosubiri siku zao, ukimpa mtu wa ajali ndugu wataona umemkatia tamaa. Dada mdogo aliyeanza kazi juzi akasema chuoni kafundishwa vizuri tu, ila alipofika hapa akakuta kila anayelia anapigwa diklo ya tako na yeye akafuata, angefanyaje. Na karibu wote wakataja ufunguo wa kabati la DDA, lile la dawa zinazodhibitiwa kama mofini, nitaufikia maana huo una stori yake.

Nikamwambia mwenzangu, hapa elimu ipo, kinachokosekana ni ruhusa. Akasema basi semina haitatusaidia. Nikamwambia itasaidia, ila isiwe semina.

Machi, mwanzoni

Darasa limekuwa baada ya ripoti ya asubuhi, wanaotoka na wanaoingia wakiwa wote pale, dakika ishirini hazizidi, tumesimama. Hakuna projekta. Siku ya kwanza watu waliuliza posho, nikawaambia hakuna posho ila pointi za CPD, zile za kujiendeleza kazini, nitazifuatilia, wakaguna, wakabaki. Anayetoka usiku tunamruhusu aende akichoka, hatuweki mahudhurio kama shule.

Mada ya kwanza ilikuwa tumbo, kwa sababu ndo hofu iliyokaa muda mrefu kuliko zote. Hii kwamba ukimpa dawa utaficha ugonjwa ilifundishwa tangu mwanzoni mwa karne iliyopita huko Uingereza, wakati ambapo daktari alikuwa na mikono yake tu, hakuna ultrasaundi, hakuna siti skani, na mofini ilipigwa dozi kubwa kwa mkupuo. Tafiti zilizokuja baadaye zikakusanywa kwenye mapitio ya Cochrane, wale wanaokusanya na kupima tafiti za tiba, na hazikuonesha kwamba kumpunguzia mgonjwa maumivu kunamfanya daktari akosee ugonjwa. Tena ukifikiria, mtu aliyejikunja hataki kuguswa utambonyeza nini? Akitulia kidogo analala chali, analegeza tumbo, ile sehemu yenye shida yenyewe ndo inabaki inauma ukiibonyeza. Nilimwomba daktari wetu wa upasuaji aje aseme hayo kwa mdomo wake na alikuja, akasema mbele yao wote "mgonjwa wa tumbo mpeni dawa, mniandikie mmempa nini na saa ngapi." Sentensi moja tu ya daktari wa upasuaji, na imefanya kazi kuliko chochote nilichokuwa nimeandaa.

Machi, katikati

Kupima. Hapa tumekaa siku kadhaa maana kila kipimo kina kasheshe yake.

Sifuri mpaka kumi inaenda vizuri kwa vijana na waliosoma. Kwa wazee wetu hapana. Bibi mmoja alikuja nyonga imevunjika, nesi akamuamkia kwa Kisukuma "mwangaluka mayu", akaitikia vizuri na kutabasamu juu, halafu akamuuliza kuanzia sifuri mpaka kumi maumivu yako ngapi. Bibi akasema "mengi." Nesi akarudia. Bibi akasema "mjukuu wangu, mengi sana." Tungeendelea mpaka kesho. Watu wa tiba shufaa, wanaowapunguzia mateso wenye magonjwa makubwa yasiyopona, wana njia yao ya mkono, ngumi iliyofungwa ni hakuna maumivu, kidole kimoja kidogo, vitano ni maumivu ambayo hujawahi kuyaona. Tukajaribu palepale, bibi akanyoosha vinne. Basi, wazee wote sasa tunatumia mkono, na tumekubaliana nesi aandike vidole kama vidole, 4 juu ya 5, asianze kuzidisha mara mbili ili ipatikane kumi, maana tukichanganya hapo hatutajua tena nani kaandika nini.

Zile picha za nyuso sita za Wong-Baker, zilizotengenezwa Marekani miaka ya 1980 kwa ajili ya watoto, nzuri, ila kuna mtoto anachagua uso unaocheka kwa sababu ameupenda. Unatakiwa umueleze kwanza, huyu hana maumivu kabisa ndo maana anacheka, huyu yanamuuma kidogo, mpaka wa mwisho, halafu umuulize wewe ni yupi. Ukimrushia karatasi tu umepoteza muda.

Na watoto ambao hawajaanza kuongea tunawapima kwa FLACC, ya mwaka 1997, unaangalia vitu vitano, uso, miguu, mwili unavyojinyonga, kilio, na kama anabembelezeka, kila kimoja sifuri mpaka mbili, jumla kumi. Manesi wameipenda kuliko vyote kwa sababu ni kitu wanachokifanya kila siku bila kukipa namba. Mama wa watoto watano haambiwi mtoto anayelia kwa njaa na anayelia kwa kuumia wanatofautianaje. Ile imani kwamba kichanga hasikii maumivu haikuwa ya kwetu peke yetu, mpaka miaka ya 1980 hata nchi tajiri vichanga walikuwa wanapasuliwa na dawa ya maumivu kidogo sana au bila kabisa, kwahiyo hakuna haja ya mtu kuona aibu, tubadilike tu. Ukimtoboa kichanga mwache anyonye wakati unamtoboa, au mpe matone ya maji ya sukari mdomoni kama dakika mbili kabla. Haigharimu kitu.

Aprili, mwanzoni

Chati. Kuchapisha chati mpya ni bajeti, bajeti ni kikao, kikao ni robo mwaka ijayo. Nikaenda steshenari ya pale nje ya geti nikachongesha mhuri. Una mstari mmoja wenye visanduku: saa, namba, dawa, saa, namba. Nesi wa triaji, pale mlangoni wagonjwa wanapopangwa kwa uharaka, anaugonga kwenye chati ya zamani chini ya presha, anajaza viwili vya kwanza, anayetoa dawa anajaza cha tatu, na vile viwili vya mwisho vinabaki wazi vinakuangalia mpaka urudi kwa mgonjwa. Mhuri haujapitia kikao chochote na hakuna aliyelalamika. Shida pekee ni wino, unakauka, na mhuri unatembea, kuna siku ulikutwa maabara sijui ulifuata nini.

Triaji nako pamebadilika kidogo. Mfumo wa rangi tunaoutumia unasema maumivu makali ni chungwa, ya kati ni njano, ila watu walikuwa wanatoa rangi kwa presha na mapigo tu. Presha nzuri, mapigo mazuri, kijani, kakae kwenye benchi. Sasa ukishaandika 9 huwezi tena kugonga kijani, mkono wenyewe unakataa.

Aprili, mwishoni

Leo nimebishana na dokta mmoja, kwa heshima lakini tumebishana. Yeye hoja yake ni kwamba haya mambo ya kumuuliza kila mtu maumivu ndo yaliyowaharibu Wamarekani. Na ana hoja bana, simpingi yote. Kule miaka ya 1990 walianza kuita maumivu kipimo muhimu cha tano, mwaka 2001 taasisi inayokagua hospitali zao ikaweka viwango vya kupima maumivu kwa kila mgonjwa, kampuni za dawa zikaingilia hapohapo zikauza vidonge vikali kama peremende, watu wakarudishwa nyumbani na makopo ya vidonge kwa ajili ya jino, na baadaye kilichotokea, uraibu na vifo, dunia nzima imekiona. Mwaka 2016 chama cha madaktari wao wenyewe, AMA, kikasema hilo jina la kipimo cha tano liachwe.

Sasa mimi nikamuuliza, dokta, sisi tunamrudisha nani nyumbani na kopo la mofini? Kamisheni ya jarida la tiba la Lancet ya 2017 ilipiga hesabu ikakuta dunia inasambaza kama tani 298.5 za dawa za jamii ya mofini kwa mwaka na nchi za kipato cha chini zote kwa pamoja zinapata kama tani 0.1. Tena kuna vituo vinavyoruhusiwa kuzitumia na bado hawazitumii. Mtu anayeogopa mafuriko akiwa jangwani mimi simwelewi. Akacheka, akasema sawa sista ila nataka nione udhibiti. Nikamwambia huo utauona, na hapo ndo tukaingia kwenye ufunguo.

Mei

Ufunguo wa kabati la DDA. Nimeufuatilia safari yake kama mpelelezi. Daktari anaandika mofini. Nesi anamtafuta msimamizi wa shifti. Msimamizi hana ufunguo, uko ofisi ya matroni ili usipotee. Ofisi ya matroni imefungwa, ni jioni, anaitwa msimamizi wa hospitali nzima ambaye yuko leba. Anakuja, anafungua, kitabu kinatakiwa sahihi mbili, wa pili anatafutwa. Wakati huo nesi ana wagonjwa wengine watano. Mara ya kwanza utafanya, mara ya pili utafanya, mara ya tatu utamwambia daktari "dokta si tumpige tu diklo." Hapo hata ungemleta profesa kufundisha asingebadilisha kitu.

Tumekaa matroni, mfamasia, mtu wa usingizi, mimi. Matroni alikuwa mgumu na ana sababu, ampuli ikipotea anayeitwa kujieleza ni yeye, sio mimi mwenye mradi. Tulichokubaliana ni kwamba kabati dogo liko ndani ya EMD, limefungiwa ukutani, ampuli chache tu, ufunguo uko shingoni kwa msimamizi wa shifti, hauachwi mezani wala kwenye koti. Kila ripoti ya kubadilishana wanahesabu wawili, anayetoka na anayeingia, wanasaini. Mabaki ya ampuli yanamwagwa mbele ya shahidi na yanaandikwa. Naloksoni, dawa ya kumzindua aliyezidiwa na mofini, inakaa kabati hilohilo, na ikiisha naloksoni mofini haitoki. Hili la mwisho mfamasia ndo alilisema na nimelipenda.

Sambamba na hilo mganga mfawidhi amesaini protokoli ya hatua ya kwanza. Mgonjwa akifika triaji na maumivu ya aina yoyote na hana sababu ya kumzuia, nesi anampa parasetamoli, na ibuprofeni kama inafaa, bila kumsubiri daktari. Mofini na ketamini (dawa ya usingizi inayoondoa pia maumivu) zinaandikwa na daktari kama kawaida. Majirani zetu Uganda tangu 2004 wanawaruhusu manesi waliosomea tiba shufaa kuandika mofini wenyewe, sisi hatujafika huko na huu mradi hauombi hilo, tunaomba tu mtu asikae masaa matatu bila hata panadoli.

Kwenye "kama inafaa" tumetumia asubuhi kadhaa. Ibuprofeni na diklo ni ndugu, kwahiyo mwenye figo mbovu, mwenye vidonda vya tumbo, aliyeishiwa maji, mjamzito hasa mimba kubwa, anayevuja damu, hao waache. Na uliza kwanza nyumbani kameza nini! Watu wa huku wanakuja washakunywa vidonge vya dukani ambavyo ndani yake kuna diklofenaki na parasetamoli pamoja, vinne kwa mkupuo, wewe unaongeza tena juu yake. Usimuulize "umekunywa dawa?" atasema hapana, dawa kwake ni ya hospitali. Muulize duka la dawa walimpa nini.

Juni

Mwezi huu wote ni sikoseli. Tanzania inakadiriwa watoto kama 11,000 wanazaliwa nayo kila mwaka, ni kati ya nchi zinazoongoza duniani, na Kanda ya Ziwa ndo kwenyewe. Hawa ni wateja wetu wa kudumu, tunawajua kwa majina, na nadhani hapo ndo tatizo lilipoanzia, ukimzoea mtu unaacha kumsikia.

Nilijua nikisimama mimi kusema "hawaigizi" haitaingia. Nikamwomba kijana mmoja mkubwa, ana sikoseli tangu utoto, amelazwa kwetu hata yeye hakumbuki mara ngapi, aje aongee baada ya ripoti. Alikuja na shati lake limepigwa pasi. Akawaambia, "Dada zangu, nikilia mnasema naigiza, nikinyamaza mnasema sina maumivu, sasa niwe vipi?" Akaeleza kwamba yeye akiangalia simu sio kwamba yamepungua, ni njia yake ya kuyakimbia, amekuwa na hayo maumivu maisha yake yote hawezi kugaragara kila mara kama mtu aliyevunjika leo. Akaeleza kwanini anataja dawa kwa jina na dozi, kitu kinachowatisha sana manesi, wanasema huyu kashazoea. Akasema mgonjwa wa kisukari akitaja insulini yake na uniti zake mnamsifia kwamba anajijua. Watu walikaa kimya halafu sista mmoja mkubwa, mbishi wetu namba moja, akauliza swali la kwanza la kweli tangu mradi uanze: "Mwanangu, sasa ukifika unataka nikufanyie nini kwanza?" Akajibu unipe kitanda, unipe dawa, maswali baadaye.

Tumeandika hivyo hivyo ukutani. Kitanda, dawa, maswali. Miongozo ya wataalamu wa damu wa Marekani ya 2020 inasema dawa ya kwanza ndani ya saa moja tangu afike na kumpima tena kila nusu saa mpaka saa moja, na sisi lengo letu ni hilohilo. Parasetamoli na ibuprofeni kama figo zinaruhusu, maumivu makali mofini ya mshipani, maji ya kutosha lakini sio kumfurisha, oksijeni kama imeshuka sio kila mtu anavalishwa barakoa kwa mazoea. Na kifua kisikilizwe, akianza kubanwa kifua na homa hapo sio maumivu tu, mwite daktari mbio. Pethidini, ndugu yake mofini, tunaiacha, inabaki na mabaki yake mwilini ambayo yanaweza kuleta degedege. Tramado nayo, kwa mwenye historia ya kifafa usiiguse.

Kuhusu kuzoea, mwenzangu wa usingizi alieleza vizuri. Mwili kuhitaji dozi kubwa kidogo kwa sababu umeshapewa mara nyingi ni kitu kimoja, uraibu ni kitu kingine, na anayetafuta ulevi mjini kuna njia rahisi kuliko kuja kukaa kwenye benchi la EMD usiku kucha na mbu wake.

Julai

Hofu ya mofini kusimamisha pumzi. Hii ni hofu halali na sikutaka kuibeza, nilitaka iwe na macho. Mgonjwa wa mofini haachi kupumua ghafla kutoka kwenye mazungumzo, anaanza kusinzia. Kwahiyo tunafundisha kuangalia usingizi kabla ya pumzi, anaongea, anasinzia ila anaamka ukimwita, anasinzia katikati ya sentensi, haamki. Akifika huko kwa kusinzia katikati ya sentensi huongezi tena hata kama anasema yanauma. Halafu hesabu pumzi kwa dakika nzima, sio ule mtindo wa kuandika 20 kwa kila mtu, tunajuana. Mofini ya mshipani ni kidogokidogo, milligramu 2 mpaka 5 kwa mtu mzima, mzee anaanza na chini ya hapo, unasubiri, unauliza, unaongeza. Sindano ya msuli inaingia taratibu na haitabiriki, kama ana kanula kwanini umtoboe tako? Wagonjwa wenyewe wanaomba sindano, wanaamini ndo kali, hapo nesi aeleze, dakika moja tu.

Tulifanya mazoezi ya naloksoni na mwanasesere, mmoja anaita, mmoja anampa hewa kwa begi, mmoja anavuta dawa. Jambo ambalo halikuwa kwenye kichwa cha wengi ni kwamba kwanza unampa hewa, dawa ya kumzindua inakuja ya pili, na unaitoa kidogokidogo ili apumue, sio aruke kitandani maumivu yote yamerudi kwa mkupuo.

Wiki hiyohiyo kaletwa mtoto wa miaka kama miwili, kamwagikiwa uji wa moto kifuani na mkononi, nyumbani walimpaka dawa ya meno. Shifti ilikuwa ya jioni na sikuwepo zamu, nimesoma kwenye chati. FLACC 9. Maji ya bomba yanayotiririka dakika ishirini, parasetamoli, daktari kaitwa akaandika ketamini ya kutosha kumuoshea kidonda, kidonda kikafunikwa, FLACC 3 baada ya kumaliza. Visanduku vyote vitano vimejazwa, na mwandiko ni wa yule dada mdogo aliyesema mwezi wa pili angefanyaje. Nilipiga picha ule mhuri (sio jina la mtoto) nikautuma kwenye grupu la idara, nikapata makofi mengi na mtu mmoja aliyeuliza chakula cha mchana ni nini.

Paja lililovunjika nalo limepata haki yake. Pamoja na dawa, linyooshwe na lifungwe banzi, hilo lenyewe linashusha maumivu. Hapo mafundi wetu wa plasta wamesaidia sana, nao wasiachwe nje ya haya mafunzo, wameniomba na nimewaingiza.

Agosti

Tumevuta tena mafaili. Namba ya kuingia sasa ipo kwa wengi, na dawa ya kwanza imesogea karibu kabisa na saa ya kufika, hiyo ni kazi ya ile protokoli ya triaji zaidi ya maneno yangu. Mofini inatoka, kitabu na ampuli vinalingana kila hesabu, yule dokta niliyebishana naye habari za Marekani nimempelekea kitabu akague mwenyewe akarudisha na kusema endeleeni.

Kurudi kumuuliza mgonjwa mchana kuko vizuri, usiku bado. Usiku manesi ni wachache na chumba kimejaa, hilo halihitaji darasa. Tulijaribu alamu za simu, zikalia zote kwa pamoja ikawa harusi. Kinachoonekana kushika ni kumtumia ndugu. Mgonjwa akipewa dawa, ndugu yake anapewa kikaratasi kimeandikwa saa, "ikifika saa tano na nusu njoo uniite, useme maumivu." Wanakuja kweli, wengine wanakuja saa tano na dakika tano wanauliza kama nusu imefika. Ugumu ulikuwa mlinzi wa mlangoni, yeye kaambiwa ndugu wote nje, kwahiyo kikaratasi sasa kina mhuri na mlinzi naye kafundishwa, mwenye mhuri anapita. Mlinzi wetu wa usiku anaujua mradi kuliko baadhi ya maintani.

Jambo jingine, ofisi ya wauguzi imetoa mzunguko mpya na zaidi ya nusu ya tuliowafundisha wanahama kwenda wodini kuanzia mwezi ujao. Nilichukia siku nzima. Halafu sista mbishi wetu, naye yumo kwenye orodha, kanifuata akaniambia anaenda wodi ya upasuaji wanaume na amekuta huko chati ni ileile ya zamani, anauliza mhuri nilichongesha wapi na bei gani. Nimempeleka mwenyewe. Wapya wanaanza Jumatatu baada ya ripoti, atakayefundisha tumbo ni yule dada mdogo, mimi nitasimama nyuma, na mfamasia kaahidi jibu la maombi tuliyompelekea ya mofini ya maji, ile ya kunywa, kabla mwezi haujaisha.